Lita Moja Inakwenda Wapi? Kipimo na Istilahi za Ulaji wa Mafuta wa Pikipiki za Abiria

Makala hii inahusu namna tunavyotaja mafuta yanayotumiwa na pikipiki ndogo za abiria, zile ambazo Kampala huitwa bodaboda na Kigali huitwa moto, dereva wake akiwa motari. Swali la mnunuzi ni moja: lita moja inakwenda kilomita ngapi? Jibu hulipata katika kipeperushi cha muuzaji, na mshauri wa sera naye huliazima hapohapo. Hesabu huanza kupotoka wakati huo.

Tuchukue mfano wa Honda Super Cub 50. Kwa soko la Japani mtengenezaji alichapisha takwimu mbili za chombo kilekile: kilomita 105 kwa lita kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 30 kwa saa, na kilomita 69.4 kwa utaratibu wa kimataifa wa WMTC, ambao huiweka pikipiki juu ya rola na kuipitisha katika kuongeza mwendo, kupunguza na kusimama. Hakuna takwimu ya uongo hapo. Kila moja inajibu swali lake, na tofauti yake inazidi kilomita 35.

Barabara halisi huongeza maswali mengine. Motari wa Kigali hupanda vilima akiwa na abiria na mizigo, husubiri kwenye taa injini ikinguruma, kisha hurudi mtupu kutafuta abiria mwingine. Jiji liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani humimina petroli kupita kiasi cha hewa inayoingia. Chujio la hewa lililojaa vumbi huzidisha hali hiyo, kama ilivyo kwa tairi lisilo na upepo wa kutosha na mnyororo mkavu.

Njia sahili ya kupima ni kujaza tangi, kuandika kilomita, kuendesha, kisha kujaza tena na kugawanya. Lakini madereva wengi hununua mafuta kwa fedha walizonazo mfukoni, si kwa lita, na tangi halijai. Wao hupima kwa kilichobaki jioni baada ya mafuta. Mtafiti anayewauliza "kilomita ngapi kwa lita" mara nyingi atarudishiwa takwimu ya kipeperushi.

Tatizo la pili ni la kilugha. Kilomita kwa lita ni kipimo kinachokua jambo linapokuwa jema, na hukua kwa hila. Kwa safari ya kilomita 120 kwa siku, kutoka kilomita 30 kwa lita hadi 40 kunaokoa lita nzima. Kutoka 60 hadi 70 kunaokoa chini ya theluthi ya lita. Ongezeko ni lilelile la 10. Istilahi zetu huzidisha utata: "ufanisi wa mafuta" ukipanda ni habari njema, "matumizi ya mafuta" yakipanda ni hasara, na maneno hayo mawili hubadilishana nafasi ndani ya aya moja. Zaidi ya hayo, kuongeza kilomita kwa lita kwa asilimia 25 ni kupunguza mafuta kwa asilimia 20, si 25.

Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Mkopo wa chombo kipya hupimwa kwa akiba ya petroli. Ikiwa kipeperushi kinasema 60 na barabara inasema 40, safari ya kilomita 120 inakula lita tatu, si mbili, na akiba imepunjwa kwa lita moja kila siku. Umbali wa betri nao, ukichukuliwa kutoka kwenye kipeperushi, utapotoka kwa upande wa pili.

Napendekeza nyaraka za sera zitumie "ulaji wa mafuta", kwa lita katika kila kilomita 100. Ni neno la vijiweni, ambako pikipiki isiyokula sana husemwa kuwa inanusa tu, nalo halina uelekeo wa kutatanisha: ulaji ukipungua, mwenye chombo amefaidi. Pembeni ya takwimu yatajwe mambo matatu: uzito uliobebwa, njia iliyopitwa na jinsi mafuta yalivyopimwa.