Kati ya "Bado" na "Basi": Jinsi Kenya Ilivyopunguza Uzazi

Utafiti wa uzazi uliofanywa nchini Kenya mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa nchi hiyo alielekea kuzaa, kwa wastani, watoto 8 katika maisha yake, na sensa ya mwaka 1979, iliyohesabu watu milioni 15.3, ikathibitisha kwamba watu walikuwa wakiongezeka kwa takriban asilimia 3.8 kila mwaka, kasi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani huo umeshuka hadi 3.4. Kipimo kinachotumika hapa huitwa kiwango cha jumla cha uzazi, yaani idadi ya watoto ambao mwanamke angewazaa iwapo angepitia umri wake wote wa kuzaa akiwa katika hali ya uzazi iliyopo wakati wa kuhesabu. Kwa hiyo hakisimulii maisha ya mwanamke yeyote aliye hai, bali hujumlisha kwa tarakimu moja mwenendo wa wanawake wa rika mbalimbali katika kipindi kimoja. Nyuma ya tarakimu hiyo yamo maamuzi ya mamilioni ya watu, mengi yakiwa yamefanywa bila mwamuzi kujua kwamba anaamua.

Maelezo mepesi yangekuwa kwamba serikali ilileta dawa za kuzuia mimba na watu wakazitumia, lakini tarehe hazikubaliani nayo. Kenya ilizindua mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara, na miaka 10 baadaye wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kuzuia mimba walikuwa asilimia 7 tu. Wataalamu wengi wa nje walihitimisha kwamba utamaduni wa Kiafrika ulikuwa umejifunga katika uzazi mkubwa kiasi ambacho hakuna sera ingeufungua. Kisha, utafiti wa mwaka 1989 ukakuta watumiaji wamefika asilimia 27 na uzazi umeshuka hadi watoto 6.7, na ule wa 1993 ukakuta 5.4. Zahanati zilikuwepo kabla ya mabadiliko hayo. Kilichobadilika ni hesabu za watu waliopita mbele ya milango yake.

Mwanademografia wa Marekani, Ansley Coale, alipendekeza mwaka 1973 kwamba uzazi hupungua katika jamii pale tu masharti matatu yanapotimia: kwanza, idadi ya watoto iwe jambo ambalo mtu anaona linafaa kufikiriwa na kuamuliwa, pili, kuzaa wachache kuwe na faida inayoonekana kwa wanaozaa, na tatu, njia za kuzuia mimba ziwe zinajulikana na zinapatikana. Sharti la kwanza ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Watafiti wanapomuuliza mwanamke angependa kuwa na watoto wangapi lau angeweza kurudi katika wakati ambapo hakuwa na mtoto hata mmoja, wapo wanaojibu kwamba hilo ni la Mungu, na jibu hilo kwa muda mrefu liliandikwa kana kwamba ni kasoro ya dodoso. Mwanademografia mwingine, Étienne van de Walle, alihoji baadaye kwamba halikuwa kasoro bali habari kamili: palipo na watu wengi wasiotaja tarakimu, idadi ya watoto bado haijawa kitu cha kuchagua. Msemo wa kwamba kila mtoto huja na riziki yake, unaosikika kuanzia Lamu hadi Kigoma, una maana hiyo hiyo, kwa kuwa unaondoa gharama ya mtoto mikononi mwa mzazi na kuiweka mahali pasipofanyiwa hesabu. Nchini Kenya, wanawake waliotaja idadi waliyoitaka walitaja wastani wa zaidi ya watoto 6 katika utafiti wa kwanza, na chini ya 4 ilipofika mwaka 1993.

Kuhusu faida, maelezo yaliyojadiliwa zaidi ni ya John Caldwell, Mwaustralia aliyefanya utafiti wake Afrika Magharibi, hasa miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria. Mwaka 1976 alieleza kwamba katika jamii za wakulima mali, kazi na ulinzi hutiririka kutoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, hivyo mzazi mwenye watoto wengi si mtu asiyefikiri bali ni mtu anayejali masilahi yake, na kwamba uzazi hushuka mkondo huo unapogeuka na mali kuanza kutiririka kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kwa maoni ya Caldwell, kigeuzi kikubwa ni shule, kwa sababu mtoto aliye darasani hachungi mbuzi wala kupalilia, na juu ya hayo hudai sare, vitabu, karo na nauli.

Ni vigumu kupata mahali ambapo hoja hiyo inaonekana wazi kuliko Kenya ya miaka ya 1980. Elimu ilikuwa imekuwa karibu njia pekee ya kupata kazi ya mshahara, wazazi walikuwa wakichangia ujenzi wa shule za harambee, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuja na mahitaji yake ya karakana na vifaa, na serikali, ikibanwa na masharti ya marekebisho ya uchumi, ilihamishia sehemu kubwa ya gharama kwa familia kupitia utaratibu wa kuchangia gharama. Wakati huohuo mashamba ya maeneo yenye rutuba, katika nyanda za kati na za magharibi, yalikuwa yamegawanywa baina ya wana kizazi baada ya kizazi hadi kipande cha urithi kikawa hakitoshi hata kwa mahindi ya mwaka mmoja. Baba ambaye hakuweza tena kumwachia mwanawe shamba alilazimika kumwachia cheti. Wanauchumi, wakimfuata Gary Becker, huita jambo hili kubadilishana idadi kwa ubora: fedha zilezile hutumika kwa watoto wachache zaidi, kila mmoja akipewa zaidi. Lugha hiyo ni baridi kidogo, kwani hakuna mzazi anayemwita mwanawe mwenye cheti kuwa bora kuliko asiye nacho, ila mantiki yake inaeleweka na kila aliyewahi kupanga foleni benki kulipa karo ya muhula.

Hata hivyo, nadharia zote hizi zina kasoro moja: humchukulia mzazi kama mtu anayeketi mara moja, mwanzoni mwa ndoa, na kuchagua idadi. Watu wachache mno huamua hivyo. Swali linalomkabili mwanamke mwenye mtoto wa miaka miwili si kama atakuwa na watoto watatu au watano, bali kama apate mwingine sasa, na jibu la kawaida si "basi", lenye maana ya kufunga kabisa, bali ni "bado". Bado hadi mume apate kazi ya kudumu, bado hadi huyu aingie shule, bado hadi ijulikane kama ndoa yenyewe itadumu. Mtu anaweza kusema "bado" mara nyingi mfululizo, kila mara kwa nia ya kweli ya kuzaa baadaye, na kujikuta na umri wa miaka 42 na watoto watatu bila kuwahi kuamua kuwa na watoto watatu.

Watafiti Tom Moultrie na Ian Timæus, pamoja na wenzao, waliigundua hali hii katika takwimu za nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Kenya. Katika historia ya Ulaya na Asia, uzazi ulishuka hasa kwa sababu wanandoa walizaa idadi waliyoitaka kisha wakakoma. Barani Afrika, nafasi kati ya mtoto na mtoto imerefuka kwa wanawake wa kila umri, wenye mtoto mmoja kama wenye watoto wanne, na nchini Afrika Kusini nafasi hiyo imepita miaka 5, muda usioweza kuelezwa kwa afya ya mtoto anayenyonya peke yake. Watafiti hao walitenganisha kwa makini mambo matatu, yaani kukoma, kupanga nafasi kwa ajili ya mtoto aliyekwishazaliwa, na kuahirisha kwa sababu mambo mengine ya maisha hayajatulia. La tatu halitegemei umri wa mtoto wa mwisho hata kidogo.

Wasemaji wa Kiswahili hawakuhitaji kufundishwa hili. Neno kubemenda, linalotaja kumdhoofisha mtoto anayenyonya kwa wazazi kurudiana mapema au kwa mama kushika mimba nyingine, linabeba kanuni nzima ya nafasi kati ya uzazi na uzazi, kanuni ambayo zamani ilisimamiwa na majirani na mabibi kwa macho makali kuliko ya mganga mkuu yeyote, na ambayo ilisaidiwa na maumbile, kwa kuwa kunyonyesha mfululizo huchelewesha kupevuka kwa yai. Msamiati rasmi ulifuata njia hiyohiyo. Nchini Tanzania, ambako chama cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilianza kazi mwaka 1959, istilahi mojawapo iliyotumika ni uzazi wa majira, na majira ni wakati, si idadi. Huenda hiyo ndiyo sababu ujumbe huo ulipokelewa hata na watu ambao wangekataa katakata kuambiwa wazae wawili tu: waliombwa kungoja, na kungoja walikuwa wakikujua.

Uamuzi wa kusema "bado" haufanywi na mtu mmoja wala hauna mahali maalumu. Watafiti waliofanya kazi na Susan Watkins kusini mwa Nyanza katika miaka ya 1990 waliona kwamba wanawake walijifunza machache kliniki na mengi kutoka kwa wenzao, wakiulizana nani alitumia nini na mwili wake ukafanya nini, na kwamba neno la rafiki aliyetumia sindano akatokwa na damu kwa miezi lilikuwa na uzito kuliko bango la wizara. Mume naye ana sauti, na pale anapotaka watoto zaidi mke mara nyingi hatafuti mabishano bali hutafuta njia isiyoonekana. Sindano ya miezi mitatu haiachi pakiti chini ya godoro, na usiri huo ni sehemu ya sababu iliyoifanya ipendwe kwa muda mrefu, kabla ya vipandikizi vya mkononi kuanza kushindana nayo.

Wapo pia watu wasio chumbani ambao bado wana madai yao. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba na wa pili kwa jina la babu mzaa mama, binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba na wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama, hivyo ndoa hulipa deni lake kwa pande zote mbili ikipata wavulana wawili na wasichana wawili. Familia inayokoma kwa watoto wawili humwacha mzazi wa mtu bila jina, na kwa kawaida anayeachwa ni wa upande wa mama. Jambo la kustaajabisha ni kwamba desturi hii ina nguvu katika maeneo yaleyale ambako uzazi umeshuka kupita kwingine: utafiti wa 2014 ulikuta kaunti ya Kirinyaga ikiwa na wastani wa watoto 2.3, wakati Wajir ilikuwa na 7.8. Karo, kwa maneno mengine, imewashinda hata mababu.

Mteremko wenyewe haukuwa laini. Kati ya 1998 na 2003 uzazi ulikwama, ukatoka 4.7 hadi 4.9, na watumiaji wa njia za kuzuia mimba wakabaki asilimia 39. Fedha za wafadhili zilikuwa zimeelekezwa kwenye UKIMWI, bohari za dawa za uzazi wa mpango zikapungukiwa, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa bado takriban 115 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Mzazi aliyeona mazishi ya watoto mtaani hana sababu ya kukoma kwa wawili. Vifo hivyo viliposhuka, hadi 52 mwaka 2014 na 41 mwaka 2022, uzazi nao ulishuka tena. Tofauti za ndani, hata hivyo, hazijafutika, kwani mwaka 2022 Mandera ilikuwa na 7.7, na wanawake wasiosoma shule walikuwa na wastani wa 6.3 dhidi ya 2.8 kwa waliosoma zaidi ya sekondari. Tanzania imekwenda njia hiyohiyo kwa mwendo wa taratibu zaidi, kutoka 6.2 mwaka 1991 na 1992 hadi 4.8 mwaka 2022, ijapokuwa Rais John Magufuli alipinga hadharani uzazi wa mpango mwaka 2018.

Kinachobaki ni upande wa pili wa mkondo wa Caldwell. Mzazi wa zamani aliweka akiba yake ya uzeeni kwa watoto, na aliyezaa wachache ili awasomeshe ameiweka akiba hiyo yote mahali pamoja, kwa matumaini kwamba cheti kitapata kazi na kwamba mwenye kazi atakumbuka nyumbani. Wakenya wengi hufanya kazi za jua kali au za shamba, zisizo na pensheni, na mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanamke aliyekuwa na miaka 25 utafiti wa 1993 ulipofanywa, miongoni mwa wa kwanza kusema "bado" kwa wingi, atafikisha umri huo mwaka 2038.