Mkojo Usiozuilika: Jinsi Daktari Anavyotafuta Chanzo

Mtu anayetokwa na mkojo bila kukusudia mara nyingi hujitibu kimyakimya: hupunguza maji ya kunywa, huacha safari, hukwepa hata ibada. Lakini mkojo uliokolea huweza kukiwasha kibofu zaidi, na chanzo hubaki palepale.

Nchini Uingereza uchunguzi huanza kwa daktari wa familia, na sehemu yake kubwa ni mazungumzo. Mkojo ukitoka mtu anapokohoa, kucheka au kuinua mzigo, hushukiwa udhaifu wa misuli ya nyonga. Ukitanguliwa na haja ya ghafla isiyongoja choo, hushukiwa kibofu kinachojikaza kabla ya wakati. Mwanamke anayevuja usiku na mchana tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu aseme hivyo waziwazi, kwani huenda ana fistula, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji. Kwa mwanamume, mkojo unaotoka kwa kusuasua huenda ukatokana na kukua kwa tezi dume.

Mkalimani hutolewa bila malipo. Aombwe wakati wa kuweka miadi. Mtoto asibebeshwe kazi hiyo: ni vigumu mama kusema mbele ya mwanawe yale ambayo daktari anahitaji kuyasikia. Mwanamke anaweza pia kuomba kuonwa na daktari wa kike.

Kipimo chenye manufaa makubwa hakiumi hata kidogo, nacho ni daftari la mkojo. Kwa siku 3 au zaidi, zikiwamo za kazi na za mapumziko, mgonjwa huandika saa, kinywaji na kiasi chake (chai na kahawa zisisahauliwe), kiasi cha mkojo kilichopimwa kwa jagi, na kila mara ulipomponyoka. Asibadili mazoea ili daftari lipendeze. Aliyefunga aandike kwamba amefunga.

Kliniki hupima mkojo kwa kijiti ili kutafuta damu, sukari na dalili za maambukizi. Huenda tumbo likapimwa kwa ultrasaundi baada ya kukojoa, kuona kama kibofu kimebakiza mkojo. Sehemu za siri hazichunguzwi bila ridhaa. Dawa zote zitajwe, hata za mitishamba zilizotumwa kutoka nyumbani. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo.

Mwenye damu katika mkojo asingoje kumaliza daftari. Amwone daktari haraka. Anayeshindwa ghafla kukojoa, au anayepata ganzi sehemu za siri pamoja na udhaifu wa miguu, apelekwe idara ya dharura mara moja.