Sola ya nyumbani Funzi: pima kwa jua la Mei, si la Januari

Mnunuzi wa sola huonyeshwa mtambo mchana wa Januari, jua la kaskazi likiwa utosini. Taa zinawaka, televisheni inaonyesha, bei inakubalika. Mtambo huo ukivushwa kwa mashua kutoka Bodo hadi Funzi utafanya kazi vizuri mpaka masika yaingie. Ikifika Mei, mwezi wa mvua nyingi zaidi pwani yetu, taa zinaanza kuzima saa tatu usiku na mwenye nyumba anadhani ameuziwa bandia. Huenda si bandia. Ni mdogo tu.

Tuchukue nyumba yenye taa tatu za wati 5 zinazowaka saa tano kila usiku. Hizo ni wati-saa 75. Televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa nne ni 100. Simu mbili ni kama 25. Jumla ni wati-saa 200 kwa siku.

Januari, paneli ya wati 50 ikipata jua kamili la saa sita hutoa 300. Theluthi moja hupotea kwenye joto, vumbi, waya na betri, zikabaki 200. Inatosha kwa shida. Mei, jua kamili likiwa saa nne, nyumba hiyo hupata kama 130 tu, na siku za mawingu mazito hupungua zaidi. Paneli ya wati 100 ndiyo inayovuka masika.

Betri nayo ipimwe hivyo hivyo. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu kila usiku haikai. Betri ya gari, ambayo wengi wetu huikimbilia kwa urahisi wake, iliundwa kuwasha injini, si kuwasha taa usiku kucha. Ya lithiamu ni ghali lakini hustahimili zaidi.

Wanaoumia sana ni wavuvi wanaounganisha friza kwenye mtambo wa taa ili samaki wasiuzwe kwa hasara jioni. Friza ya kawaida katika joto letu yaweza kutaka wati-saa 1,000 au zaidi kwa siku, yaani mara tano ya nyumba yote tuliyoihesabu. Betri hufa, na samaki huoza. Friza ihesabiwe peke yake, na ikiwezekana inunuliwe kwa kikundi.

Kuhusu kufunga: paneli hutumia mwanga, si joto. Ujerumani, nchi ya baridi inayopata karibu nusu ya jua letu kwa mwaka, imejaza paneli mapaani. Joto hupunguza umeme, kwa hiyo usilaze paneli juu ya bati. Acha upenyo wa upepo chini yake. Kwa nyumba ya makuti, nguzo ni salama zaidi kuliko paa. Ielekeze kaskazini kwa mwinamo mdogo, kwani tuko kusini kidogo ya Ikweta, na mvua itaosha vumbi na chumvi. Kuti moja la mnazi likitia kivuli pembe ya paneli laweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wake. Viungo vya waya vikaguliwe mara kwa mara, maana chumvi ya bahari huvila.

Kisheria, fundi wa sola anapaswa kuwa na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe kabla ya kumlipa, na udai risiti na dhamana ya maandishi ya paneli na ya betri, kila moja kivyake. Betri kuukuu isivunjwe nyumbani wala kutupwa mikokoni. Risasi iliyomo ndani ndiyo sumu iliyowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Unaponunua mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani.