Sungusungu na Ulinzi wa Raia: Nani Amwulizaye Mlinzi?

Maneno matatu hutumika sana katika Kiswahili yanapozungumzwa mambo ya usalama: askari, polisi na mlinzi. Askari ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ya jeshi. Polisi limetoka Ulaya pamoja na utawala wa kikoloni. Mlinzi ni neno la Kibantu, litokanalo na kitenzi linda, kazi ya mkulima akaaye dunguni kufukuza ndege ili mavuno yasiliwe. Tofauti hiyo ina uzito wake. Askari na polisi hutumwa na mkubwa. Mlinzi, katika asili ya neno lenyewe, hulinda kilicho chake na cha jirani yake. Je, ulinzi wa namna hii ya pili waweza kusimama pale polisi inaposhindwa? Makala haya yanalieleza swali hilo kwa mfano wa sungusungu wa Tanzania, kisha yanatazama yaliyojaribiwa nchini Kongo.

1. Chanzo

Sungusungu ni wadudu weusi wa jamii ya sisimizi, wenye kuuma, waendao makundi makundi. Mmoja wao hukanyagwa bila kuonekana. Kundi lao humtoa mtu kitandani. Jina hilo walipewa wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma waliojikusanya mnamo miaka ya 1981 na 1982, hasa pande za Kahama na Nzega. Wenyewe walijiita pia basalama, yaani watu wa amani.

Sababu zilikuwa wazi. Baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978-1979, silaha zilienea na uchumi ukadhoofika. Wezi wa ng'ombe walikuja na bunduki. Kituo cha polisi kilikuwa mbali; na mwizi aliyekamatwa mara nyingi alionekana tena kijijini baada ya siku chache, kwa kuwa ushahidi ulikosekana au fedha ilikuwa imepita mkononi. Wanavijiji wakarudia desturi ya kale ya yowe: anayeibiwa hupiga kelele, kijiji cha pili huipokea na kuipeleka cha tatu, hata njia zote za mwizi zifungwe. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale.

2. Muundo na adhabu

Kila kijiji kilimchagua mkuu wake, aliyeitwa ntemi, cheo cha watawala wa jadi ambao serikali ilikwisha kuwaondoa mwaka 1963. Pamoja naye walikuwapo katibu na makamanda. Mashtaka yalisikilizwa mbele ya mkutano, katika lugha ambayo mshtaki na mshtakiwa waliielewa sawasawa.

Adhabu iliyoogopwa kuliko faini ilikuwa kutengwa. Mtu aliyetengwa hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, na akifiwa hakupata wa kumzika ndugu yake. Katika jamii ambamo kulima na kuzika hufanywa kwa ujirani, adhabu hiyo ilitosha kumrudisha mtu bila gereza wala mlinzi wa gereza. Wizi wa mifugo ulipungua, na mfano huo ukaenea mikoani.

Lakini nguvu hiyohiyo ilikuwa na upande wa giza. Watuhumiwa walipigwa ili wakiri, wengine waliuawa. Wanawake wazee waliodhaniwa kuwa wachawi walifukuzwa au kuuawa, kwa kuwa mkutano uleule uliomwogopa mwizi uliogopa pia uchawi. Anayehukumiwa na majirani zake wote hana jirani wa kumkimbilia.

3. Serikali na sungusungu

Polisi na mahakama waliwaona wanavijiji hao kuwa wavunja sheria, na baadhi yao walikamatwa. Viongozi wa chama cha CCM, Mwalimu Nyerere akiwa mwenyekiti, waliwaunga mkono. Hatimaye sheria ya mwaka 1989 iliyorekebisha sheria za mgambo iliwapa sungusungu uwezo wa kukamata. Katika miji kama Dar es Salaam, doria za usiku zikawa wajibu wa kila nyumba: anayeshindwa kwenda hulipa. Hapo jina lilibaki, lakini mambo yalibadilika. Mjini majirani hawajuani kama kijijini, na aliyevaa jina la sungusungu aliweza kumdai mpita njia fedha. Mwaka 2006 jeshi la polisi likaja na mpango wa polisi jamii, ambao ndani yake vikundi vya ulinzi shirikishi vilitakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi wa polisi.

4. Funzo kwa Kongo

Nchini Kongo historia ilikuwa tofauti. Force Publique ya wakoloni ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja, na mwaka 1972 polisi ilimezwa na jandarmeri. Ni Katiba ya 2006 iliyotamka kwamba polisi ya taifa ni ya kulitumikia taifa na kwamba hakuna aruhusiwaye kuigeuza kwa faida yake. Sheria ya mwaka 2011 ilifuata, na mpango wa polisi iliyo karibu na raia, police de proximité, ukajaribiwa Bukavu, Kananga na Matadi. Raia, polisi na wakuu wa mitaa waliketi pamoja kutaja hatari za kartie zao. Februari 2025 Bukavu uliangukia mikononi mwa M23, jambo linalokumbusha kwamba baraza la mtaa haliwezi kuzuia vita.

Hata hivyo funzo linabaki. Sungusungu walifaulu pale mlinzi alipoweza kuulizwa mbele ya wote, na walipotea njia pale hakuna aliyethubutu kumwuliza. Ndivyo ilivyo kwa polisi. Huko Lubumbashi, raia huulizwa kwa Kiswahili, lakini maelezo yake huandikwa kwa Kifaransa, naye hutia sahihi asichoweza kukisoma. Asiyejua kilichoandikwa juu yake atamwulizaje mlinzi? Kabla ya kuongeza idadi ya walinzi, yafaa kwanza lugha ya barazani ifike hadi kwenye karatasi ya kituoni.