Giza la Mara ni Mali ya Taifa

Mwananchi anayesimama juu ya vilima vya Tarime usiku usio na mwezi, au nje ya mji wa Mugumu wilayani Serengeti, huona jambo ambalo wakazi wengi wa miji mikubwa ya dunia wamekwisha kulipoteza. Huona nyota kwa maelfu, na kati yake mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu wenyewe ikitazamwa kutoka ndani. Tena, kwa kuwa wilaya hizi ziko karibu sana na Ikweta, takriban nyota zote za kaskazini na za kusini hupita mbele ya macho yake katika muda wa mwaka mmoja.

Mwishoni mwa Mei, yapata saa tatu za usiku, mwananchi huyo akiinua uso kuelekea kaskazini huwa anatazama upande wa kundi la galaksi liitwalo Coma. Macho matupu hayalioni. Hata hivyo humo mna galaksi zaidi ya elfu moja. Mojawapo, iliyoorodheshwa kwa jina la NGC 4911, ina mikono iliyojizungusha mithili ya ukili unaoanza kushonewa kawa. Nuru husafiri kilometa 300,000 kwa kila sekunde, lakini nuru ya galaksi hiyo huchukua miaka ipatayo milioni 320 kutufikia.

Msomaji ana haki ya kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, lililoko baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na kabla ya kumaliza kazi mwaka 1973 ilionyesha kwamba makundi kama Coma hutoa eksirei kwa wingi, katika eneo pana. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha chanzo chake: kati ya galaksi hizo mna gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Galaksi ya mikono inayopita katika gesi hiyo hukumbana nayo kama mtu anayekwenda dhidi ya upepo mkali. Polepole huvuliwa gesi yake yenyewe, ambayo ndiyo malighafi ya kuumbia nyota. Ikiisha, galaksi hubaki na nyota zake za zamani, lakini hazizaliwi mpya.

Nasi tunaweza kupoteza mali yetu polepole namna hiyo. Umeme ni haki ya mwananchi, wala hatuna ugomvi na taa. Lakini taa yenye kofia, inayomulika chini, humfaa mpita njia. Ile inayomulika juu hula umeme bure na kuzifuta nyota. Ndugu zetu wavuvi wa Ukerewe na Ukara hawahitaji kufundishwa thamani ya giza. Wao huvua dagaa kwa taa katika siku za giza, na mbalamwezi ikishamiri hupumzisha nyavu zao.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa halmashauri za Tarime na Serengeti, pamoja na wenye hoteli mbugani, wazifunike taa zao mapema, miji ingali midogo. Tunawaomba pia maofisa wa elimu wafikirie darubini ndogo kwa shule za sekondari. Darubini ya namna hiyo haitamwonyesha mwanafunzi NGC 4911, lakini itamwonyesha miezi minne ya Mshtarii, na huo ni mwanzo wa kutosha.

Itakuwa aibu nuru iliyosafiri miaka milioni 320 ifike salama mpaka Mara, kisha ipotee kwa sababu ya taa moja iliyofungwa vibaya ukutani.