Kata kinundu kwanza, pakiti baadaye

Asilimia 78 ya hewa inayopita juu ya shamba la maharage ni naitrojeni, kirutubisho kile kile tunachokifuata dukani kwenye mfuko wa urea. Ikiwa bado hewa, mmea hauwezi kuitumia. Wanaoweza ni rizobia, bakteria wa udongoni. Wakiingia kwenye mzizi, maharage huwajengea kinundu na kuwalisha sukari, nao huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao kutoka kwenye vinundu. Leo wanauzwa katika pakiti, unga mweusi wa kupaka mbegu. Biofix ya Kenya, kwa mfano, ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Pakiti hizo ni nzuri, lakini kwa maharage zinasifiwa kupita kiasi. Soya ni zao geni, na mara nyingi haiwakuti bakteria wake udongoni. Ukiipaka, tofauti utaiona. Maharage yamelimwa kwetu vizazi na vizazi, hivyo udongo mwingi tayari una rizobia wake. Si wote hodari, ila ni wengi, na huwatangulia wageni wa pakiti kuingia mizizini. Isitoshe, maharage ni mavivu miongoni mwa mikunde, hasa yale mafupi yanayokomaa haraka. Ya kutambaa, yanayopendwa sana Rwanda, hukaa shambani muda mrefu na kujipatia naitrojeni zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chimba. Maua yakianza kutoka, toa mimea michache kwa jembe pamoja na udongo wake (ukiivuta kwa mkono vinundu vitabaki chini), kisha suuza mizizi taratibu. Kinundu hubanduka kwa kidole. Uvimbe usiobanduka, uliomo ndani ya mzizi wenyewe, ni kazi ya minyoo fundo, na hilo ni tatizo jingine kabisa. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wako kazini: rangi hiyo ni ya protini inayofanana na ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, hakizalishi kitu.

Ukikuta vyekundu vingi, pesa ya pakiti nunulia mbegu bora. Vikiwa haba, chunguza fosforasi kwanza, kwa sababu kazi ya rizobia inakula nguvu nyingi na bila fosforasi haiendi. Kwenye udongo wenye tindikali, mbolea ya Minjingu inayotoka Manyara inafaa. Tindikali ikizidi sana, weka chokaa. Kumbuka pia ulimwaga urea kiasi gani. Mmea ulioshiba naitrojeni ya mfukoni haujisumbui kujenga vinundu.

Ukiamua kupaka, chukua pakiti iliyoandikwa maharage, si ya soya, ambayo muda wake haujaisha na haikukaa juani. Bakteria hawa ni viumbe hai. Changanya kivulini kwa maji yenye sukari kidogo ili unga ushike, usitumie mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie papo hapo. Acha mistari michache bila kupaka, yenye mbegu na mbolea ile ile, uvune na kupima kila upande peke yake.