Simu Inayozeeka Ikiwa Nzima

Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, simu haidekezwi. Vumbi la mawe huingia hadi kwenye tundu la chaji, jasho hufuata, na siku ikiwa mbaya simu huchomoka mfukoni ikatua mwambani. Fundi hubadilisha kioo, huchomelea tundu jipya, maisha yakaendelea. Ila kuna ugonjwa mmoja unaoishinda bisibisi yake. Simu inawaka, betri inashika chaji, mtandao upo, lakini WhatsApp imegoma katakata: toleo la mfumo limepitwa na wakati.

Mfumo endeshi ndio msimamizi wa simu. Huzipokea programu, huzigawia kumbukumbu na kuzifungulia kamera au maikrofoni. Katika simu nyingi za Kenya msimamizi huyo ni Android ya Google, iliyoanza kuuzwa mwaka 2008 na ambayo hutoa toleo jipya karibu kila mwaka. Kwa miaka mingi matoleo hayo yaliitwa majina ya vitu vitamu, KitKat, Lollipop, Nougat, hadi mwaka 2019 mtindo huo ulipoachwa, pengine peremende zilikuwa zimeanza kuadimika.

Mwaka 2011 Safaricom ilileta simu ya Ideos ya Huawei kwa takriban dola 80, na kwa Wakenya wengi ndiyo iliyokuwa simu ya kwanza ya kupangusa. Ilikuja na Android 2.2. Tangu Septemba 27, 2021, Google haikubali tena mtu aingie kwenye akaunti yake kwa simu yenye toleo la 2.3.7 au la chini zaidi. WhatsApp nayo ilizifungia mlango simu zilizo chini ya Android 5 mnamo Oktoba 24, 2023. Ideos iliyotunzwa vizuri sasa ni saa na redio.

Kwa nini isipandishwe toleo tu? Kwa sababu kazi ya Google ikiisha, safari ndiyo kwanza inaanza. Mtengenezaji wa chipu sharti aandae programu zinazoifanya chipu yake ielewane na toleo jipya. Kisha kampuni ya simu ilirekebishe toleo hilo na kulijaribu kwa kila modeli iliyouza, na kampuni moja huwa na modeli nyingi. Simu ya bei ya chini ina faida nyembamba, na mteja ameshalipa. Mwaka 2017 Google ilijaribu kuufupisha mnyororo huu kwa kuitenganisha sehemu ya chipu na sehemu nyingine ya mfumo. Mambo yalipata nafuu, lakini uamuzi wa kuisasisha simu ya bei nafuu ulibaki kwa aliyeitengeneza. Apple, inayotengeneza simu na mfumo wake yenyewe, iliipelekea iPhone 5s ya mwaka 2013 kiraka cha usalama Januari 2023.

Na viraka si urembo. Julai 2015 kampuni ya Zimperium ilitangaza ufa uliopewa jina la Stagefright: ujumbe mmoja wa MMS ungeweza kuiteka simu kabla mwenyewe hajaufungua. Simu zilizokuwa hatarini zilikadiriwa kufika milioni 950. Google ikaanza kutoa viraka kila mwezi, lakini kiraka kilichotolewa California hakimfai kitu mchimbaji ikiwa hakitafika kwenye simu yake.

Kinaya ni kwamba kabambe, ile mulika mwizi ya vitufe, haijui taabu hii. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 iliwekwa kwenye laini ya simu, na akili yake yote ikakaa kwenye mitambo ya kampuni. Hata Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, mtu huifikia kwa kupiga *254#. Mtambo hauulizi Android yako ni ya ngapi.

Lakini si kila kitu huingia kwenye nyota na reli. Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 vifaa vya kazi, simu zikiwemo, ili taarifa za kila nyumba ziingizwe moja kwa moja kwenye mfumo wa kidijitali. Daftari lingekaa miaka kumi kabatini na bado likasomeka. Simu ya bei nafuu haina ahadi hiyo.

Umoja wa Ulaya umeamua kubana. Simu zilizoanza kuuzwa huko tangu Juni 20, 2025 lazima zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Huku kwetu, mpango wa kununua simu kwa awamu, Lipa Mdogo Mdogo, ulipoanza Julai 2020 uliwawezesha watu kuanza na shilingi 1,000 na kuendelea na shilingi 20 kwa siku. Mnunuzi hukagua kamera na betri, na ni haki yake. Angeweza pia kuomba aishike simu, afungue Mipangilio, kisha Kuhusu simu, atafute tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa simu inaitwa mpya na tarehe hiyo ni ya miaka miwili iliyopita, bei bado inazungumzika.